Mikono Iliyomwosha Ngendo

Ukitaka kumjua Gathogo vizuri, ungemtazama Jumapili ya meza. Siku za kazi alikuwa nyapara tu wa meza za kukaushia kahawa, kwenye shamba la mzungu kati ya Ruiru na Thika, upande wa Theta, akikimbizana na mvua na kuwafokea waliochelewa kufunika. Lakini Jumapili ya meza, ile siku ambayo mchungaji alifika kutoka misheni na mkate na kikombe, Gathogo alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivaa koti jeusi, akaketi mbele kwenye benchi la wazee wa kanisa, na kabla kitambaa hakijafunuliwa juu ya mkate, alisimama, akakohoa kidogo, akasema, "Wale ambao hawajabatizwa, watoke nje kwa utulivu."

Kikohozi hicho hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa cha cheo.

Basi walitoka. Walitoka watoto, wakatoka wanafunzi wa katekisimu, na nyuma yao akatoka mwanamke mzee na fimbo yake, amefunga ugoro kwenye pindo la shuka. Huyo alikuwa Ngendo, mama mzazi wa Gathogo.

Ndiyo, mamake. Ngendo aliomba ubatizo miaka mingi, lakini maswali ya katekisimu yaliingia sikio hili yakatoka lile, na ugoro hakukubali kuuacha. "Gathogo," alimwambia mwanawe, "ni Mungu ananinyima kwa sababu ya ugoro, ama ni wewe?" Gathogo alijibu kwamba mzee wa kanisa hawezi kuanza kupindisha sheria nyumbani kwake. Watu walimsifu kwa hilo. Walisema, huyu hata mamake hampendelei. Na Gathogo alizinywa sifa hizo polepole, kama chai yenye sukari ya kutosha.

Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alichunga mbuzi hadi akawa na ndevu, akajifunzia kusoma huko huko machungani, na alipoingia misheni aliingia na roho yake yote. Mkewe alifariki katika hospitali ya misheni. Watu wa hospitali wakamwosha, wakampigilia misumari sanduku, naye akafika kusoma maombi. Binti zake wawili waliolewa mbali, upande wa Fort Hall. Akabaki na mamake katika vyumba viwili vya udongo kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, na jioni aliwafundisha vijana katekisimu. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la giza. Aliwaeleza jinsi wazee wa Kikuyu walivyoogopa maiti, jinsi anayekata roho alivyotolewa nje ya nyumba, na jinsi aliyegusa mwili wa mfu alivyohesabiwa kuwa na thahu, mnajisi asiyeweza kula na wenzake mpaka achinjiwe mbuzi wa kumtakasa. "Sisi tumetoka huko," alisema akipiga meza. "Mkristo haogopi maiti." Vijana waliitikia, na yeye mwenyewe alijiamini.

Mwaka wa hamsini na nne, Hali ya Hatari ilipokuwa imepamba moto, Wakikuyu wengi wa shamba lile walibebwa wakapelekwa vizuizini, wengine wakahamishiwa vijiji vya kule Murera na nyaya zikazungushwa. Kahawa iliiva ikakosa wa kuichuma. Mzungu akatuma malori, na malori yakarudi na watu wa magharibi. Katika lori mojawapo walikuja Absalom na mkewe Jentrix, watu wa Kaimosi, Waluhya. Absalom akawekwa kwenye mashine ya kumenya kahawa, Jentrix akapewa debe la kuchumia.

Jumapili ya kwanza walifika kanisani wamevaa nguo safi, wakaimba nyimbo wanazozijua kwa sauti zilizofanya watu wageuke. Ibada ilipokwisha, Gathogo alimwita Absalom pembeni. Gachanja, mzee mwenzake wa kanisa, alisimama karibu ashuhudie.

"Bwana Absalom, ulibatizwa na nani?"

"Sisi ni Marafiki, mzee," alisema Absalom. "Kanisa letu la kule nyumbani linaitwa hivyo. Hatubatizi na maji. Tunamngoja Roho atubatize ndani."

"Na meza ya Bwana?"

"Mkate na kikombe hatuna. Tunasoma, tunaimba, tunanyamaza mbele yake."

Gathogo alimtazama Gachanja, Gachanja akamtazama yeye, wote wawili wakabana vicheko. "Sasa hapo mtu atajuaje nyinyi ni Wakristo?"

Absalom alifikiri kwanza. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza, jambo lililomkera sana Gathogo. "Labda akikaa na sisi," alisema.

Jioni hiyo Gathogo alisimulia habari hiyo kwenye laini. Alisema wageni wa magharibi wamemkubali Kristo lakini hata tone la maji halijawagusa; ni wakavu kama kahawa, wako tayari kupelekwa kiwandani kukobolewa. Watu walicheka mpaka wakajishika mbavu. Tangu siku hiyo Absalom na Jentrix wakaitwa Wakavu, na watoto wakaimba jina hilo wakienda kuteka maji.

Gathogo aliwapa nafasi katika darasa lake la katekisimu. Alidhani anawatendea wema. Absalom alimshukuru, akakataa. "Tukikubali maji ili tu tukae vizuri na nyinyi, mzee, tutakuwa tumemdanganya Mungu. Wewe tuweke popote utaona, tutakaa hapo."

Akawaweka benchi la nyuma kabisa, lile la mlangoni, la watu wa kutoka. Wanaume waliketi upande wao na wanawake upande wao kanisa zima, isipokuwa hapo. Watu wa kutoka hakuna aliyejali wanavyokaa.

Mara moja tu Absalom aliomba kitu. Ilikuwa Jumapili ya meza, watu wanaanza kuingia, naye alikuja mbele kofia mkononi. "Mzee, hatuombi mkate. Tunaomba tuketi ndani wakati nyinyi mnakula. Tutanyamaza. Kwenda nje kila mara kunatuuma, tunakuwa kama hatumjui huyo mnayemkumbuka."

Ingekuwa jambo dogo kusema ndiyo. Mchungaji alikuwa bado yuko nje akifungua begi lake, angeweza kuulizwa. Lakini watu walikuwa wakisikiliza, na Gathogo alikuwa na ugonjwa huo wa kupenda kusikilizwa. "Meza ya Bwana si sinema, ati watu wakae wakitazama," alisema kwa sauti. Kanisa likacheka. Absalom aliinamisha kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri, akarudi benchi lake la mlangoni, na wakati ulipofika akatoka na mkewe.

Kwa hiyo ni Gathogo mwenyewe aliyewakutanisha Ngendo na Jentrix. Aliwatoa wote wawili siku zilezile, wakawa wanaketi pamoja nje chini ya dirisha, na huko kila mmoja akaionja lugha ya mwenzake. Jentrix alijifunza Kikuyu cha bibi kizee, chenye matusi ya mapenzi na maneno ambayo vijana wameyasahau. Ngendo aliokota Kiswahili kibovu na kipande cha wimbo wa Kiluhya. Ndani, Gathogo akiwa amefumba macho na mkate mdomoni, alisikia kicheko cha mamake kikipenya dirishani, kisha kimya kirefu, kisha mamake akiomba. Alikunja uso. Aliona wanamharibia ibada.

Nyumbani alimuuliza mamake, "Maitu, mnaongea nini na yule mwanamke?"

"Tunaongea," alisema Ngendo, akachota ugoro.

Mwaka wa hamsini na tano Ngendo alianza kudhoofika. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na msimu mkubwa wa kahawa ulipofika alikuwa hatoki kitandani. Huo ndio wakati nyapara wa meza za kukaushia hana nafasi hata ya kujikuna. Mawingu yakikusanyika tu, lazima kahawa yote ifunikwe, ikilowa ni hasara na ni makosa yake. Jentrix alipita kila asubuhi na uji kabla ya kwenda kuchuma. Akamlisha bibi, akamgeuza, akamfulia. Gathogo aliuona wema huo, na aliupokea kama mtu anayepokea salamu njiani, anaitikia huku anaenda zake.

Asubuhi moja ya Novemba, jua ndiyo kwanza linachomoza, Gathogo alikuwa kwenye meza akifunua kahawa. Alimwona Jentrix akija bila debe. Alitembea polepole, akasimama mbele yake, akavua kitambaa cha kichwa.

"Mzee, Cucu ametuacha," alisema. Cucu ni nyanya, na laini nzima ilimwita Ngendo hivyo.

Gathogo aliacha kila kitu akakimbia. Alikimbia kama kijana, koti la kazi likipepea, na machozi yalikuwa ya kweli, hakuna wa kumsingizia. Alifika mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, na ndani, kitandani, aliona miguu ya mamake imetokeza chini ya blanketi, imenyooka.

Na miguu yake yeye ikakataa.

Hakuelewa. Alijiamuru aingie, na mwili haukutii. Kitu baridi kilimpanda kutoka magotini hadi kooni, kitu cha zamani kuliko katekisimu, kuliko kusoma, kuliko koti jeusi. Akajiona mtoto mdogo amesimama kwenye ua wa babake, siku babake alipotolewa nje ya nyumba akiwa bado anapumua, na watu wazima wakimvuta nyuma wakimwambia asisogee, asiguse. Alishika mwimo wa mlango. Jentrix alikuwa amemfuata, akapita kando yake, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda bila wasiwasi wowote.

"Ingia, mzee," alisema taratibu.

"Naenda ofisini," alisema Gathogo. "Lazima ruhusa ya kuzika." Na ilikuwa kweli, siku zile Mkikuyu hakuweza hata kulia na wenzake bila karatasi.

"Absalom anaweza kwenda. Yeye haulizwi maneno mengi njiani."

"Ni mamangu. Ni mimi wa kwenda."

Akaondoka. Nusu ya njia alikuwa tayari amejua anachokifanya. Ofisini karani alimpa ruhusa mara moja, akampa na pole. Angeweza kurudi mbio. Badala yake alizunguka nyuma ya stoo ya magunia, akaketi juu ya jiwe, karatasi mkononi, akangoja. Alingoja nini? Alingoja mtu mwingine afanye. Aliona haya, lakini hakuinuka. Jua lilipanda hadi utosini, na mzee wa kanisa bado alikuwa ameketi pale akisoma maandishi ya magunia.

Wala hakuwa peke yake. Gachanja alikuja mpaka uani, akatoa pole kwa sauti nzito, kisha akakumbuka kwamba jembe litahitajika, akaenda kulitafuta. Nyumbani kwake yalining'inia majembe matatu, lakini alitafuta mpaka mchana. Kiongozi wa wanawake wa kanisa alisema mtoto wake ana homa. Wengine walisimama mbali mikono nyuma, wakiimba. Wote walikuwa wamebatizwa, na wote walikumbuka shughuli.

Gathogo aliporudi, mamake alikuwa ameoshwa, nywele zake chache zimelainishwa kwa mafuta, amevishwa, amefunikwa shuka jeupe. Shuka hilo Jentrix alilitoa kitandani kwake. Absalom na wanaume wawili wa kwao walikuwa wamechimba kaburi na kupigilia sanduku kwa mbao za stoo. Walimwinua Ngendo wao, wakamlaza wao, wakambeba wao. Gathogo alitembea mbele na Biblia.

Kaburini aliomba. Na tuseme haki, aliomba vizuri. Sauti yake ilikuwa nzuri, maneno yalikuja yenyewe, juu ya ufufuo na juu ya mauti kunyang'anywa uchungu wake. Watu walilia. Kila neno lilimrudia kinywani chungu, lakini hakunyamaza, kwa sababu kunyamaza kungewafanya watu wamtazame.

Walipomaliza kufukia, walipanga mstari kumpa pole. Jentrix alikuja, macho yamevimba, udongo kwenye ukingo wa gauni. Akamnyoshea mkono.

Gathogo aliuona mkono ule, na alichokiona ni kwamba umemgusa maiti. Kabla hajafikiri, mikono yake yote miwili ilikuwa imekumbatia Biblia kifuani. "Asante, mama," alisema. "Asante sana. Mungu akubariki."

Mkono wa Jentrix ulibaki hewani kidogo. Kisha akaushusha, akaupangusa kwenye gauni lake, upande wa kiganja na upande wa nyuma, kama mtu aliyeambiwa ana uchafu. Akapisha wa nyuma yake.

Kupangusa kule ndiko kulimmaliza Gathogo. Alikwenda nako kazini, akala nako, akawa anakuona katikati ya kahawa. Watu walimwambia, "Umemzika mama kwa heshima, mzee," na sifa ambazo zamani alizinywa sasa zilimkwama. Hakuna aliyemshtaki. Angeshukuru kama mtu angemshtaki. Wanafunzi wa katekisimu walipofungua somo la giza, aliwaambia leo tutaruka hapo, akafunga kitabu mapema, akajifanya ana kikohozi.

Jumapili moja alasiri alichukua kifurushi cha sukari akaenda nyumbani kwa Absalom, chumba kimoja mwisho wa laini. Walimkaribisha bila kushangaa. Absalom alimpa kiti pekee kilichokuwapo, yeye akaketi kitandani, Jentrix akasogeza chungu apike chai.

"Nimekuja kuwashukuru," alisema Gathogo. "Na nimefikiria. Nitaongea na mchungaji. Darasa tutaliruka. Mtabatizwa Pasaka, bila maswali."

Aliona ametoa kitu kikubwa. Absalom alitazama sakafu. "Mzee," alisema mwishowe, bila hasira, "jambo hilo tulishasema."

"Basi mnataka nini?"

"Hatutaki kitu. Tulimzika rafiki yetu."

Gathogo aligeuza kofia mikononi. Hapo, mbele yao wawili, lile alilolifunika lilimtoka bila kupangwa. "Mbona hamkuniita? Jentrix, uliponiona naondoka ulijua. Mbona hukuniambia nirudi?"

Jentrix alimtazama mumewe, mumewe akaitikia kwa kichwa, kama kusema, shauri lako. "Cucu alinikataza," alisema.

"Alikukataza nini?"

"Aliniambia akifa nisikulazimishe. Alisema wewe unaogopa tangu siku babako alipotolewa nje, na kwamba hata mkeo hukumgusa. Alisema, 'Huyu mwanangu anaogopa na hajui kama anaogopa. Wewe unioshe haraka kabla hajarudi, asije akaaibika mbele ya watu wake.' Nikamwahidi." Akakoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Pale kaburini nilisahau. Nilikunyoshea mkono kwa sababu ya uchungu. Nisamehe, mzee. Na nimevunja ahadi ya Cucu kukuambia."

Mwanamke ambaye Gathogo alimtoa nje ya kanisa alikuwa akimwomba msamaha kwa kumpa mkono. Na mamake, ambaye yeye alimwona hafai maji kwa sababu ya ugoro, alikuwa amekata roho huku akimtafutia yeye njia ya kutoaibika. Alisikia uso wake ukiwaka mpaka masikioni. Alitamani sakafu ya udongo ifunguke.

"Na huko nje," aliuliza kwa sauti ndogo, "siku za meza. Alikuwa akiomba nini?"

"Alikuombea wewe," alisema Jentrix. "Kila mara. Alisema uko ndani peke yako."

Chai ilikuwa tayari. Jentrix alijaza kikombe, akakibeba, na badala ya kumpa mkononi akakiweka juu ya kigoda kati yao, akarudi nyuma hatua moja, ili mgeni akichukue mwenyewe bila kugusana naye. Alifanya hivyo kwa upole, kama mtu anayempunguzia mgonjwa taa. Gathogo alielewa mara moja. Katika nyumba hii walikuwa wameshajua udhaifu wake, wakaupangia nafasi, wakaendelea kumwita mzee.

Aliunyosha mkono kuelekea kikombe. Ukafika nusu ya njia. Alijua vidole vilivyokibeba, akajua na vilichofanya, na ingawa moyo wake ulimzomea, mkono haukuendelea. Aliurudisha juu ya goti. Walizungumza juu ya mvua. Chai ilipoa, ikafanya utando, na hakuna aliyeitaja. Alipoondoka, Absalom alimsindikiza hadi mwisho wa laini, na wala hakumnyoshea mkono wa kwaheri, kwa huruma hiyohiyo. Gathogo alirudi nyumbani akilia barabarani mchana kweupe, na waliomwona walidhani analilia mamake.

Mwaka mpya ulipoingia, Jumapili ya meza ilifika. Kanisa lilijaa. Mchungaji, mzee mwenye mvi aliyekuja na baiskeli, aliweka mkate na kikombe na kuvifunika. Akamtazama Gathogo, maana ndio ulikuwa wakati wake.

Gathogo alisimama. Hakukohoa. Nyuma, kwenye benchi la mlangoni, Absalom alikuwa tayari ameokota kofia yake, na Jentrix amekunja kitambaa chake, wamezoea.

"Leo hakuna wa kutoka," alisema Gathogo.

Watu walitazamana. Gachanja alisimama kutoka kwenye benchi la wazee. "Mzee Gathogo, wale kule nyuma hawajabatizwa. Ni wewe mwenyewe ulituambia."

"Ni mimi. Hata jina la Wakavu ni mimi nililitoa, nikacheka nanyi." Sauti yake, ile nzuri, ilikuwa imekauka kabisa. "Mamangu alipofariki, nilifika mlangoni nikaogopa kumgusa. Nasema mbele yenu. Mimi ninayewafundisha watoto wenu kwamba Mkristo haogopi maiti, niliogopa mamangu. Nilikwenda kujificha nyuma ya stoo na karatasi ya ruhusa mkononi, mpaka wale wakamaliza kumwosha. Kisha nikasimama kaburini mbele yenu nikaomba kwa sauti kubwa mkanisifu. Na huyu mama alipokuja kunipa pole, nikamnyima mkono, kwa sababu mikono yake ilikuwa imemshika mamangu."

Mtoto mmoja aliuliza kitu, akanyamazishwa.

"Gachanja," aliendelea, "siku hiyo wewe ulikwenda kutafuta jembe. Sikulaumu, mimi nilikimbia mbali kukushinda. Lakini tusiwaambie hawa kwamba bado hawajaingia. Wao wanakataa maji kwa sababu wanamwogopa Mungu. Mimi nimeyapokea maji na bado naogopa thahu. Kama mezani kuna mtu dhaifu anayetakiwa kuvumiliwa, ni mimi. Wakitoka, natoka nao."

Akashuka kutoka mbele. Njia ya katikati ya kanisa lile ni fupi, lakini siku hiyo aliitembea akiwa uchi, ndivyo alivyoona, kila jicho likimvua kitu. Alifika benchi la mlangoni, Absalom akasogea, Jentrix akasogea, akaketi mwisho kabisa, kando ya Jentrix. Hakuthubutu kumtazama.

Watu walingoja mchungaji aseme sheria. Hakusema sheria wala hakusema mahubiri. Alifunua kitambaa, akaumega mkate, akawakabidhi wazee sahani.

Upande wa nyuma ulikuwa wa Gachanja. Alikuja na sahani benchi kwa benchi, watu wakipokezana, kila mmoja akijimegea na kumpa jirani sahani. Alipofika mlangoni alisita. Kisha, macho chini, akampa Absalom. Absalom aliishika sahani kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, hakuchukua, akampa mkewe. Jentrix naye aliipokea, akanyamaza mbele yake kidogo. Imani yake ilibaki ileile, hakula. Akageuka kwa Gathogo.

Aliisogeza sahani, kisha akasita, akaanza kuishusha aiweke kwenye benchi kati yao, ili achukue mwenyewe.

"Usiweke," alisema Gathogo. "Nipe."

"Una hakika, mzee?"

"Nimegee wewe. Unipe na mkono."

Jentrix aliumega mkate kwa vidole vyake, akamnyoshea. Ile baridi ya zamani ilimpanda Gathogo tena kutoka magotini. Alikuwa amedhani akishasema mbele ya watu itamtoka, kumbe haikutoka. Aliogopa vilevile. Aliushika mkate, akaushika na mkono uliokuwa na mkate, akautia mkate mdomoni, akabaki ameushikilia mkono ule mbele ya kanisa zima, akilia kwa aibu na kushindwa kumeza.

Jentrix hakuuvuta mkono wake. Alimngojea mpaka akameza.